Kovu lisilojua kukoma: rekodi za utumbo uliobanwa

Aliyewahi kuosha utumbo wa mbuzi anajua ulivyo. Ukiuvuta unarefuka, ukiuachia unarudi. Maji yanapita ndani bila kuombwa, na ukiuminya kwa vidole viwili unahisi kuta mbili laini zikitelezana. Sasa chukua mpira wa kumwagilia bustani ulioachwa juani miaka minne: umekakamaa, haupindiki, na tundu lake limebaki la kupitisha kalamu tu. Hivyo ndivyo unavyokuwa utumbo wa mtu aliyekaliwa muda mrefu na ugonjwa wa Crohn, pale mahali pamoja ambapo kidonda kilipona, kikarudi, kikapona tena, hadi kule kupona kwenyewe kukageuka maradhi.

Ugonjwa huo na ndugu yake, kolitisi ya vidonda, ni magonjwa ya mchochota: kinga ya mwili inauandama utumbo kwa miaka mingi, unavimba, unachubuka, unavuja damu. Hayo yameandikwa sana. Kovu linalobaki nyuma halikuandikwa sana, ingawa ndilo linalowapeleka wagonjwa wengi wa Crohn kwenye meza ya upasuaji. Hapa nimekusanya rekodi zake: nani alitangulia, nani mkubwa, nani ghali, nani alianguka vibaya. Washindani wengi hawaonekani kwa macho. Na tuzo sikuzigawa sawa. Wengine wamepata aya moja kwa sababu hawakustahili mbili.

Aliyetangulia akakosa jina

Mwaka 1913, mpasuaji wa Glasgow, T. Kennedy Dalziel, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu wagonjwa ambao utumbo wao ulikuwa umekakamaa. Aliufananisha na samaki mkunga aliyekufa akawa mgumu. Mvuvi yeyote wa Pemba angemwelewa papo hapo: mkunga akiwa hai hashikiki, akifa na kulala ubaoni saa chache anakuwa fimbo. Miaka 19 baadaye, 1932, madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai, New York, wakaeleza wagonjwa 14 waliougua namna hiyohiyo mwishoni mwa utumbo mwembamba. Majina yao yalipangwa kwa alfabeti: Crohn, Ginzburg, Oppenheimer. Ugonjwa ukachukua jina la kwanza. Basi Dalziel anashika rekodi ya aliyewahi akasahaulika, na wale wawili wa New York rekodi ya kudhulumiwa na herufi.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba makala ya 1932 ililitaja kovu tangu mwanzo kabisa. Waandishi wake waliona kuwa ukuta wa utumbo ulikuwa umejaa nyama ya kuunganisha kwa kiasi kisicholingana na kidonda kilichokuwa juu yake. Majina ya molekuli hawakuwa nayo. Kasoro yenyewe walikwisha kuiona.

Utumbo uliosomwa sana magazetini

Hapa hakuna ubishi. Juni 1956, Rais wa Marekani Dwight Eisenhower alipelekwa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, utumbo ukiwa umeziba kwa ugonjwa wa Crohn. Usiku wa manane akafunguliwa tumbo. Sehemu iliyobanwa haikukatwa. Madaktari waliunganisha utumbo mwembamba na utumbo mpana mbele yake, chakula kikapita pembeni, kama magari yanavyopitishwa mchepuko barabara ikifungwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata shambulio la moyo. Novemba akashinda uchaguzi tena.

Mwenye haraka na asiye na haraka

Ngozi ya ndani ya utumbo ni miongoni mwa tishu zinazojibadilisha upesi kuliko zote mwilini. Kila siku 3 hadi 5 karibu seli zake zote zinakuwa zimeng'oka na kuingia mpya. Ukila wali Jumatatu, Ijumaa chakula chako kinapita juu ya wapangaji wengine kabisa.

Chini ya wapangaji hao kuna jengo, na jengo halina haraka. Nguzo zake ni kolajeni. Mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walipima kolajeni inavyobadilishwa mwilini: katika ngozi, nusu yake huchukua takriban miaka 15 kubadilishwa, katika gegedu la viungo, takriban miaka 117, muda unaozidi uhai wa karibu kila mwanadamu. Kolajeni ya kovu la utumbo si ya gegedu, lakini jamii ni moja na tabia ni ileile: ikishafungwa vizuri, haihami.

Tofauti hii ya kasi inaeleza jambo linalowashangaza wagonjwa. Daktari anaingiza kamera, anaangalia, anasema vidonda vimefunga, utando umependeza. Mgonjwa anafurahi, kisha mwezi ujao tumbo linamkata baada ya kula mahindi ya kuchoma. Hakudanganywa. Kamera inaona rangi ya ukuta, na rangi ni mpya kweli, ina siku nne. Tofali zilizo nyuma yake ni za miaka.

Protini iliyo nyingi kuliko zote

Kolajeni ndiyo protini inayoongoza kwa wingi mwilini. Ni kati ya robo na theluthi ya protini zote tulizo nazo. Aina zake zinazojulikana kwa binadamu ni 28, na kwenye utumbo uliobanwa zinazorundikana hasa ni ya kwanza, ya tatu na ya tano.

Ukitaka kuielewa, nenda ukatazame kamba ya makumbi inavyosokotwa. Nyuzi moja moja ni dhaifu. Zikisokotwa pamoja zinafunga jahazi. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotana, kipande kizima kikiwa na urefu wa takriban nanomita 300 na unene wa nanomita 1.5 tu, yaani urefu mara 200 ya unene. Msokoto unakazana kwa sababu kila asidi amino ya tatu katika uzi ni glisini, ndogo kuliko asidi amino zote, na ndiyo pekee inayotosha kujibana katikati ya nyuzi tatu. Vitamini C inahitajika ili msokoto usilegee; mabaharia wa zamani waliokosa matunda na mboga walifumuka makovu yao ya kale kwa upungufu huo.

Kisha anakuja mfungaji. Kimeng'enya kiitwacho lisili oksidesi, kinachofanya kazi kwa msaada wa shaba, kinafunga kamba moja na jirani yake kwa vifungo vya kikemia. Kabla ya vifungo hivyo, kovu ni lundo la kamba ambalo mwili unaweza kulifumua. Baada yake ni wavu uliokazwa. Kama ningeulizwa ni hatua ipi ya kovu inayofanana zaidi na kufunga mlango na kutupa ufunguo, ningetaja hiyo.

Mchochezi mkuu

Kolajeni haijitungi yenyewe. Kuna anayetoa amri, na kwa kura za karibu watafiti wote anaitwa TGF-beta 1. Figo likiota kovu, yuko. Ini, mapafu, ngozi, yuko. Hata yale makovu yanayotuvimba sisi wenye ngozi nyeusi baada ya kutoboa sikio yamehusishwa naye.

Cha ajabu ni anavyohifadhiwa. Seli haimwachii huru. Humtoa akiwa amefungwa ndani ya ganda la protini, na ganda hilo hutundikwa kwenye wavu wa kolajeni na nyuzi nyingine nje ya seli, likae akiba. Mwili umejaa TGF-beta iliyolala. Ili iamke, lazima ganda livunjwe, na njia mojawapo ni ya nguvu tupu: protini za kushikilia zilizo juu ya seli, ziitwazo integrini, hulikamata ganda na kulivuta. Ukuta ukiwa laini, ganda linafuata tu mkono unaovuta, halivunjiki. Ukuta ukiwa mgumu, linakataa kusogea, linapasuka, TGF-beta inatoka. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Ikishatoka hukaa kwenye kipokezi chake juu ya seli. Ndani ya seli, wajumbe wawili, SMAD2 na SMAD3, huungana na SMAD4, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kolajeni. Mjumbe mwingine, SMAD7, kazi yake ni kuwazuia hao. Mtu angesema basi, tumzime TGF-beta yamekwisha. Tatizo ni kwamba yeye pia ndiye mpatanishi mkuu wa kinga ya mwili. Panya walioondolewa jeni yake, majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikufa wakiwa na umri wa wiki chache, viungo vyao vikiwa vimejaa mchochota. Mjenga kovu na mzima moto ni huyo huyo. Katika orodha nzima sijaona molekuli inayowanyima usingizi watengeneza dawa kama hii.

Fundi asiyejua kuondoka

Methali yetu inaonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika utumbo mambo yamepinduka: ufa umezibwa, na fundi bado anajenga ukuta.

Fundi huyo ni miofibroblasti. Giulio Gabbiani na wenzake huko Geneva walimweleza 1971, walipotazama nyama changa inayoota kwenye kidonda na kukuta seli iliyo nusu fibroblasti, mfuma kamba, nusu msuli, mvutaji. Inafuma kolajeni na papo hapo inazivuta kingo za kidonda zikutane. Kidonda cha kawaida kikifunga, miofibroblasti nyingi hujiua kwa utaratibu, zikabaki chache. Ukijikata kisu ukimenya muhogo, jeshi hilo linaitwa, linafanya kazi, linavunjwa.

Kwenye utumbo wa Crohn halivunjwi. Kila mchochota unaporudi linaongezewa askari, na hapa pana rekodi nyingine: hakuna seli inayoajiriwa kutoka makabila mengi hivyo. Fibroblasti za palepale zinageuka. Seli za msuli laini zinageuka. Zinazozunguka mishipa midogo ya damu zinageuka. Kuna ushahidi kwamba hata seli za utando na za kuta za mishipa huacha kazi zao na kujiunga, na nyingine huletwa na damu kutoka kwenye uboho wa mifupa.

Hapo sasa kuna kosa ambalo karibu sote tunaolizungumzia jambo hili tumelifanya, mimi nikiwamo katika kichwa cha makala haya. Tunasema kovu. Mwaka 2017 watafiti walizipima kwa hadubini sehemu za utumbo uliobanwa zilizokatwa kwa upasuaji, tabaka kwa tabaka, na kukuta kwamba badiliko lililo kubwa kuliko yote halikuwa kolajeni. Lilikuwa msuli. Seli za msuli laini zilikuwa zimeongezeka na kunenepa, hasa katika safu nyembamba iliyo chini ya utando na katika tabaka la chini yake, mahali ambapo kwa kawaida msuli haupo. Kolajeni ilikuwapo, imejipenyeza katikati ya misuli. Kwa hiyo ukuta unaobana chakula ni wa nyama na kamba, na nyama ndiyo nyingi. Dawa itakayofumua kamba peke yake itaacha nyama. Nashangaa kwamba ugunduzi huu haukuleta kelele kubwa.

Mkasi wa kwanza

Kiluwiluwi akigeuka chura, mkia wake huyeyuka. Unakwenda wapi? Jerome Gross na Charles Lapiere walijiuliza hivyo, wakaweka vipande vya mkia juu ya utando wa kolajeni, na 1962 wakatangaza kuwa tishu ya mkia inatoa kimeng'enya kinachokata kolajeni. Kilikuwa cha kwanza katika ukoo mkubwa wa mikasi tunayoiita MMP. Sisi pia tunayo, na inafanya kazi kila siku utumboni.

Kila mkasi una ala yake. Protini ziitwazo TIMP huushika mkasi mdomoni usikate. Kwenye utumbo uliobanwa TIMP-1 imezidi, hivyo mikasi ipo lakini imefungwa mdomo, na kolajeni mpya inaingia bila ya zamani kutoka. Ni hesabu ya maji ya pipa: bomba limefunguliwa, tundu la chini limezibwa.

Ile ninayoipa tuzo

Ukiniuliza ni kipi kati ya vyote kilicho hatari zaidi, sitataja molekuli. Nitataja ugumu.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichukua vipande vya utumbo wa wagonjwa wa Crohn na kupima unavyokataa kubonyea. Sehemu zilizobanwa zilikuwa ngumu zaidi ya mara tano kuliko zilizo nzuri. Kisha wakafanya jambo rahisi ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Walitengeneza jeli mbili, moja laini kama utumbo mzima, nyingine ngumu kama utumbo uliobanwa. Juu ya kila moja wakapanda fibroblasti za utumbo wa binadamu. Hawakuzimwagia TGF-beta. Hawakuleta seli za kinga wala bakteria.

Kwenye jeli laini, fibroblasti zilitulia. Kwenye jeli ngumu zilijitandaza, zikajenga nyuzi za kuvutia ndani yake, zikawasha jeni za kovu. Sakafu peke yake ilitosha kuzigeuza.

Rudi sasa kwenye lile ganda la TGF-beta lililotundikwa ukutani. Ukuta mgumu hulipasua kirahisi. TGF-beta inatoka, inaleta kolajeni, lisili oksidesi inakaza, ukuta unazidi kuwa mgumu, ganda jingine linapasuka. Ndani ya seli kuna protini, mojawapo YAP, zinazohisi mvutano huo na kuingia kwenye kiini kama zilivyoagizwa. Mduara umefunga. Mchochota ulioanzisha haya yote unaweza kuwa ulizimwa miaka iliyopita. Mduara hauuhitaji tena.

Hapo ndipo nasema dawa zetu zilikosea mlango. Tangu infliksimabu iliporuhusiwa Marekani kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 1998, tumekuwa tukipiga mchochota, na tumeupiga vizuri, na anayetibiwa mapema ana bahati kubwa. Lakini aliyekwisha kubanwa anahitaji mtu wa kuushughulikia ukuta. Huko Ghent, Ubelgiji, 2017, watafiti waliwapa panya dawa inayozuia kimeng'enya ROCK, kinachosimamia kuvuta kwa seli, wakaiunda isambaratike mara tu inapoingia kwenye damu ili isishushe shinikizo la damu mwili mzima. Kovu lilipungua. Mchochota haukuguswa. Ni vitu viwili tofauti, na ule ulikuwa uthibitisho wake.

Ghali kuliko zote, na iliyoanguka vibaya kuliko zote

Rekodi ya pesa inashikwa na protini iitwayo TL1A. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba jeni yake, TNFSF15, inahusiana na ugonjwa wa Crohn. Baadaye, huko Los Angeles, panya waliotengenezwa ili wazalishe TL1A kupita kiasi waliota kovu utumboni, na mwaka 2014 ikaripotiwa kwamba kuizuia TL1A kwenye panya kulirudisha nyuma kovu lililokwisha kukomaa. Maneno hayo mawili, kurudisha nyuma, ndiyo yaliyofungua pochi. Mwaka 2023 Merck ilitangaza kuinunua kampuni ya Prometheus Biosciences, yenye kingamwili ya kuzuia TL1A, kwa takriban dola bilioni 10.8. Miezi sita baadaye Roche ikaahidi dola bilioni 7.1 kwa kampuni nyingine yenye silaha ya aina hiyohiyo. Panya ni panya, lakini bilioni 17.9 ni bilioni 17.9.

Anguko ni la mongersen. Wazo lilikuwa zuri: SMAD7, yule mzuiaji, amezidi kwenye utando wenye mchochota, kwa hiyo TGF-beta ameshindwa kutuliza kinga, mpunguze SMAD7, moto utazimika. Mwaka 2014 kampuni ya Celgene ililipa dola milioni 710 za kuanzia. Mwaka 2015 matokeo ya wagonjwa 166 yakachapishwa: kati ya waliopata dozi kubwa, 65 kwa 100 walitulia, dhidi ya 10 kwa 100 waliopewa kidonge bandia. Nambari za namna hiyo katika ugonjwa huu hazionekani. Pembeni walikuwapo walionong'ona kuwa ukimwachia TGF-beta huru unaalika kovu. Hofu yao haikuwahi kuamuliwa kwa ukubwa, kwa sababu 2017 majaribio makubwa yalisimamishwa: dawa haikuonekana kufanya kazi yenyewe ile ya kwanza, ya kuzima moto.

Mshangao nao una bingwa wake. IL-17, protini ya kinga, inaonekana kwa wingi kwenye utumbo mgonjwa, na katika maabara inachochea seli za kovu. Sekukinumabu, kingamwili ya kuizuia, ilijaribiwa, na matokeo ya 2012 yakaonyesha kuwa hali ya wagonjwa wa Crohn ilizidi kuwa mbaya. Ikawa dawa nzuri ya sorayasisi.

Mafuta yanayotambaa

Mpasuaji akifungua tumbo la mgonjwa wa Crohn huijua sehemu mbovu kabla ya kuigusa: mafuta ya njano ya ule utando unaoushikilia utumbo yamepanda na kuukumbatia, kama vidole vinavyofunika ndizi. Crohn na wenzake walijua hivyo. Swali la kwa nini lilingoja hadi 2020, watafiti wa Cedars-Sinai, Los Angeles, walipokuta bakteria hai ndani ya mafuta hayo, wakiongozwa na mmoja aitwaye Clostridium innocuum. Jina hilo maana yake asiye na madhara. Nalipa tuzo ya jina baya kuliko yote. Inaelekea mafuta huja kuziba bakteria waliotoroka utumboni. Lakini nayo yanatoa asidi za mafuta zinazoiamsha misuli iongezeke. Mlinzi anakuja kulinda mlango, anakaa, anaanza kujenga.

Jeni ya kwanza

NOD2, kwenye kromosomu ya 16, ilitangazwa 2001 na makundi mawili kwa wakati mmoja kuwa jeni ya kwanza ya ugonjwa wa Crohn. Kazi yake ni kunusa vipande vya kuta za bakteria. Wenye mabadiliko yake huugua zaidi mwishoni mwa utumbo mwembamba, na hubanwa zaidi. Ila yale mabadiliko matatu maarufu ni ya Wazungu. Japani hayapo, na kwa Waafrika ni nadra mno. Kipimo cha NOD2 hakitamwambia lolote la maana mgonjwa wa Bukoba.

Pacha

Mgonjwa wa Bukoba ana tatizo jingine. Kifua kikuu cha utumbo hukaa palepale Crohn inapokaa, mwisho wa utumbo mwembamba, na hubana vilevile: homa, kukonda, tumbo linalokata, picha zinazofanana. Hakuna ugonjwa unaofanana na Crohn kuliko huo, na kosa lina gharama, kwa kuwa steroidi zinazotuliza Crohn zinaweza kukifungulia kifua kikuu milango yote. Kwa hiyo katika nchi zetu daktari mwangalifu huitafuta TB kwanza.

Pacha huyo amelipa fadhila moja. Mwaka 1977 wapasuaji wa India walichapisha njia ya kupanua utumbo uliobanwa na kifua kikuu bila kuukata: unachana ukuta kwa urefu, unashona kwa upana, tundu linapanuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Emanoel Lee wa Oxford akaichukua kwa wagonjwa wa Crohn. Tangu hapo maelfu ya watu wamebaki na utumbo wao kwa ujuzi uliozaliwa katika wodi za TB.

Kolitisi ya vidonda nisiiache kabisa. Husemwa haina kovu. Inalo: msuli mwembamba wa chini ya utando hunenepa, utumbo mpana hufupika na kunyooka kama bomba. Ila ukiona sehemu imebana katika kolitisi, fikiria saratani kwanza.

Nafasi iliyo wazi

Mapafu yamekwisha kupata dawa zao za kovu. Pirfenidoni iliruhusiwa Japani 2008, na Marekani 2014 pamoja na nintedanibu. Utumbo haujapata hata moja. Wanaokimbilia nafasi hiyo ni wengi, wakiwamo wenye vidonge vinavyozuia kipokezi cha TGF-beta ndani ya utumbo tu, vilivyoundwa viharibiwe na ini kabla havijaufikia moyo, kwa sababu dawa za aina hiyo zikisambaa huumiza vali zake.

Tuna walau nambari moja ya kuwapa moyo waliobanwa tayari. Ufaransa, 2018: kati ya wagonjwa 97 waliokuwa na utumbo mwembamba uliobanwa wakapewa adalimumabu, dawa ya kuzima mchochota, 62 walikuwa bado wanaendelea nayo wiki ya 24, bila kisu wala puto la kupanulia. Kovu lao, inaonekana, lilikuwa bado limechanganyika na uvimbe. Na tuna moja ya kuvunja moyo: Leuven, 1990, karibu robo tatu ya waliokatwa kipande kibovu walikuwa na vidonda vipya juu tu ya mshono kabla ya mwaka kwisha, wengi wao bila kuhisi lolote.

Kwa hao 35 waliobaki, na kwa wa Leuven, kuna chumba cha upasuaji. Mpasuaji anaweza kuingiza mpira mwembamba utumboni, anajaza puto la ncha yake maji hadi upana wa takriban sentimita 2, kisha anaanza kulivuta polepole, mita baada ya mita, vidole vya mkono wa pili vikifuata kwa nje. Linateleza, linateleza, linagoma. Anaweka uzi wa alama hapo. Analipunguza maji, analipitisha, analijaza tena, anaendelea kuvuta.